Bokayo wa Golbanti

Garsen,
18 Desemba 2024

Bibi yangu mpendwa, somo yangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko kunguru wa stendi ya Garsen. Hujambo? Magoti yako je, bado yanakusumbua ukiinuka? Ng'ombe wamepata majani? Na wewe Ikran unayemsomea bibi yako, soma polepole, usiruke mistari ya mapenzi kwa kuona haya!

Bibi, nimeolewa! Jumamosi ya tarehe saba, kanisani kwetu Golbanti, mimi na Levi wangu. Alivaa suti ya kijani kama mpunga mchanga, na unajua nani alilia kwanza? Yeye! Mchungaji alipomuuliza kama ananikubali, alisema "ndiyo" mara tatu, watu wakacheka mpaka watoto wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Shangazi yake, Everline, alicheza hadi kisigino cha kiatu kikakatika, akavua vyote viwili akaendelea.

Sasa naishi Garsen, chumba kimoja na kibaraza, nyuma ya duka la dawa za mifugo anakofanya kazi Levi. Saa saba mchana huja nyumbani, na neno lake la kwanza ni, "Mke wangu amekula?" Kabla hata ya kunawa! Pete naivaa hata nikifua. Nikimsikia akipiga mluzi uchochoroni, moyo wangu unakuwa kama wa msichana wa kidato cha pili. Sikujua mtu anaweza kufurahi hivi na bado akaweza kupika.

Kitu kimoja tu kilinisikitisha: hukuweza kuja. Najua njia ni ndefu na magoti hayakupi nafasi. Nilikutafuta kwa macho, nikasema, ah, somo yangu ameshindwa. Tangu mama afariki, ni wewe tu uliyebaki unayejua nilivyozaliwa. Naituma barua hii kwa akina mama wanaoleta maziwa hapa asubuhi. Najua simu hukupigia kelele sikioni.

Mjukuu wako,
Bibi harusi wa Levi

*

Nyumbani,
2 Januari 2025

Somo yangu,

Amani kwako na kwa mume wako. Mimi mzima, magoti ni yale yale. Ng'ombe wazima. Anaandika Ikran, maneno ni yangu, nimemkataza kuyalainisha.

Mimi nilikuja.

Huka, mjukuu wangu, alinipakia kwenye pikipiki alfajiri mpaka kivukoni. Nikavuka na mtumbwi, nikatembea. Nilivaa nguo mpya. Nilibeba kibuyu nilichokifukiza moshi siku mbili, ndani maziwa ya yule ng'ombe mwekundu. Mimi na mama yako tulipatana hivyo siku uliyozaliwa: siku ukitoka kwenu kwenda kwa mume, nitakuja na maziwa, nitasimama nje, nitaitwa kwa jina, nawe utakunywa funda la kwanza mkononi mwangu.

Labda mama yako hakukuambia yote. Mwaka ule mto ulipanda, mashamba yenu yakawa maji. Sisi tulikuwa juu kwenye mwinuko na ng'ombe. Mama yako aliletwa kwa mtumbwi, uchungu umemshika, mvua haikatiki. Nikatandika ngozi. Ukatoka unalia kushinda mvua. Siku tisa mlikaa kwangu. Chakula chenu kilikuwa kimekwenda na mto. Mama yako alikunywa maziwa yangu, wewe ukanywa yake. Akaniuliza, "Mtoto tumwite nani?" Nikamwambia, kwetu msichana akizaliwa mvua ikinyesha huitwa Bokayo. Mimi mwenyewe nilizaliwa siku ambayo mvua ilivunja ukame. Nikakupa langu, ukawa somo yangu.

Zamani ukiita Bokayo kisimani wanageuka wanawake wanne. Sasa wasichana wetu ni Ikran, ni Ruwaida, ni Najla. Majina mazuri ya dini, siyakatai. Akina Bokayo tumezeeka, wengine tumewazika. Nami nilikuwa najisifu, yuko mmoja Golbanti, bado kijana.

Basi nikasimama. Yule mwenye kipaza sauti aliita wajomba, akaita mashangazi, akaita kwaya, akaita hata timu ya mpira. Bokayo hakuitwa. Nikamuuliza msichana mmoja, "Harusi hii ni ya nani?" Akasema, "Ya Lavender." Nikasema, basi nimekosea harusi. Nikageuka niondoke, nikaona uso wako. Una paji la uso la mama yako.

Kisha akaja mama mmoja, kitambaa cha njano kichwani, miguu mitupu, na noti mkononi. "Mama, maziwa ni bei gani?" Nikamwambia, "Haya hayauzwi." Akacheka, "Si tumeambiwa wewe ni muuza maziwa?"

Maziwa niliwapa watoto kivukoni.

Nakuuliza jambo moja tu. Nani aliwaambia?

Somo yako,
Bokayo

*

Garsen,
5 Januari 2025

Bibi yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Huku tuko salama, joto tu.

Barua yako imenichoma. Ulikuja kweli? Jamani, pole, pole sana! Watu walikuwa wengi mno, bibi, na shela langu lilikuwa limenifunika macho. Mshereheshaji alichanganya karatasi zake, hata mjomba wangu Zachary aliitwa mara mbili. Na yule mama wa kitambaa cha njano ndiye Shangazi Everline. Naye, bila shaka, alikisia tu alipokiona kibuyu.

Lavender ni jina la shule, halina maana yoyote. Tafadhali usiliweke moyoni. Nakutumia leso hii, nimekuchagulia mwenyewe, maua mekundu. Levi anakusalimu sana.

Mjukuu wako

*

Garsen,
26 Januari 2025

Bibi,

Hujambo? Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Leso ilirudi. Ikran alinipa akiwa bado ameshika mtungi wa maziwa, hakunitazama. Ilikuwa imekunjwa vile vile nilivyoikunja. Nikamuuliza, "Bibi amesemaje?" Akasema, "Hajasema." Tangu siku hiyo, wiki mbili sasa, kila asubuhi nakwenda pale wanaposhusha maziwa, na kila asubuhi Ikran anatikisa kichwa.

Basi nitakujibu swali lako. Ikran, soma kwa sauti, nimestahili.

Ni mimi niliyewaambia.

Nilikuona kabla kwaya haijamaliza wimbo wa pili. Ulikuwa nyuma kabisa karibu na nguzo ya hema, umesimama na viti vipo, kibuyu umekipakata kama mtoto. Moyo wangu uliruka kwa furaha, bibi, huo si uongo. Kisha Shangazi Everline akafuata macho yangu. "Yule mama wa kibuyu ni wa kwenu?" Nikasema, "Hapana, shangazi, nadhani ni muuza maziwa." Nilisema huku natabasamu, kwa sababu mpiga picha alikuwa mbele yangu. Picha hiyo ndiyo iliyo ukutani kwetu. Kila mgeni anayeingia huisifu, husema, "Tazama bibi harusi alivyong'aa!" Mimi hutoka nje kibarazani.

Mwaka ule wa vurugu za wakulima na wafugaji nilikuwa darasa la nane. Najua kwenu mlizika, na kwetu tulizika. Shuleni waliacha kukaa na mimi dawati moja. "Bokayo, wewe ni wa upande gani? Nenda kwenu ukachunge." Mtoto wa Golbanti, baba mkulima, mama mwimbaji wa kanisa, naambiwa niende kwetu! Nilipoingia kidato cha kwanza, mbali na nyumbani, mwalimu akauliza jina. Asubuhi hiyo bwenini nilikuwa nimesoma neno kwenye karatasi ya sabuni. Nikasema, Lavender. Ni ua, nasikia. Sijawahi kuliona. Mama aliendelea kuniita Bokayo, lakini nyumbani tu, na alipokufa hakubaki mtu wa kuniita.

Nyumba ya kina Levi iliungua mwaka ule. Tulipokutana akaniuliza jina, nilimtazama alivyo mzuri nikaogopa. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho hiyo imekuwa miaka miwili. Hata mchungaji nilimwomba asome Lavender peke yake. Tarehe ya harusi nilimpa Ikran kwa simu siku niliyokuwa nimejaa furaha, kisha nikaanza kuomba Mungu magoti yakuume usije. Niliomba hivyo, bibi. Juu ya mtu aliyemzalisha mama yangu.

Na nilipoandika kwamba Levi anakusalimu, hakukusalimu. Hajui kama upo.

Sijui nitie sahihi gani hapa.

*

Nyumbani,
10 Februari 2025

Salamu kwako,

Mimi mzima. Huku mawingu yanapita hayashuki.

Ikran alisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili sauti ilikuwa ndogo. Nilikaa kimya siku nyingi kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ya mzee si nzuri kuandikwa.

Sasa kuna jambo. Jana mke wa Huka amejifungua msichana. Wao wanataka Najla. Mimi nataka awe Bokayo, na Huka amesema, bibi, ukitaka tutamwita hivyo. Lakini jina langu nilishalitoa, nilikupa wewe. Wengine huweza kumpa huyu na kumpa yule. Mimi sifanyi hivyo bila kumuuliza niliyempa.

Kwa hiyo nakuuliza, na sikuulizi kwa hasira. Kama umelitupa, niambie ulipolitupa niliokote, nimpe mtoto. Kama bado unalo, niambie pia. Jumamosi hii tarehe kumi na tano ndiyo siku ya kumwita jina. Ikran anakuja Garsen kila siku.

Bokayo

*

Garsen,
12 Februari 2025

Somo yangu,

Hujambo, na mtoto hajambo, na mama yake? Mungu amkuze. Nimesoma barua yako nimesimama pale pale kwenye mitungi, watu wananipita.

Sikujibu jana kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuambiwa kwanza. Levi alipokuja saa saba akaniuliza kama nimekula, nikamwambia, "Kaa, mimi siitwi Lavender." Nikamweleza yote, mvua, siku tisa, kibuyu, yule niliyemwita muuza maziwa. Ugali ulipoa. Akainuka akaenda dukani bila kugusa chakula, na bibi, sijawahi kuona uchochoro mtupu kama ule. Hakupiga mluzi.

Jioni alirudi akakaa kibarazani. Akasema, "Nyumba yetu iliungua, kweli. Lakini aliyemzalisha mama yako alisimama kwenye harusi yangu tangu asubuhi, na mimi nikala mbele yake. Hilo ndilo linaloniuma." Baadaye akasema, "Ndiyo maana nikikuita huwa lazima niite mara mbili." Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nimemwomba aishushe picha ile. Amekataa. Anasema ibaki, nikumbuke nilikuwa natabasamu huku namkana nani.

Leo asubuhi nilimwendea Shangazi Everline. Nilidhani atanifukuza. Alivua kitambaa chake akakiweka mapajani, akasema, "Basi mimi nilimpungia noti usoni mama yako wa pili. Umenitia katika aibu ambayo sikuijua, mwanangu." Nikakaa naye mpaka akaacha kulia.

Sasa jibu lako. Sikulitupa, nililificha, na najua aliyefichwa huumia sawasawa na aliyetupwa. Sina haki ya kukuomba uniachie. Lakini umeniuliza kama bado ninalo, na ninalo. Mpe na mtoto. Tuwe watatu, ili siku moja msichana akiulizwa ni wa upande gani kwa sababu ya jina lake, awe na Bokayo mkubwa wa kumtaja.

Jumamosi nitakuja na Levi. Ikran amenifundisha kufukiza kibuyu. Moshi umenitoa machozi na cha kwanza nimekiunguza, hiki cha pili ndicho nitakachobeba. Nitasimama nyuma, viti viwepo visiwepo. Usiwaambie mimi ni nani. Mtu akija na noti kuniuliza bei, nitamjibu kama ulivyojibu wewe. Na siku ikiisha bila jina langu kutajwa, nitawapa maziwa watoto wa kivukoni, nitarudi nyumbani, na sitakulaumu.

Lakini ukiona vema kuita, ita mara moja tu. Nitageuka.

Somo yako,
Bokayo