Kwa Sila Wetu, Aliyepanda Tembe la Ihumwa

Mwaka umetimia, mwanetu Sila, tangu tembe la Ihumwa, nyumba ya paa la udongo, lilipokufunika mchana kweupe, upepo wa mwezi wa tisa ukivuma. Tuliletewa mwili wako juu ya kigari kilekile cha reli mlichokisukuma wewe na wenzako asubuhi mkicheka.

Ulikuwa mtu wa moto wa boma hapa Dodoma, miaka miwili. Wasomaji wa mbali huenda hawaijui kazi hiyo, basi niwaambie. Stesheni kimetundikwa kipande cha chuma. Kikigongwa mara tatu, wanaume saba huacha walichokishika, hukamata kulabu, majembe na ngozi za ng'ombe zilizoloweshwa, wakakimbia. Maji kwetu ni ya kunywa, tena ya shida. Moto huzimwa kwa mchanga na ngozi. Nyumba ya nyasi huvutwa paa kwa kulabu kabla haijawasha ya jirani. Siku nyingine hakuna moto: ng'ombe katumbukia kisimani, ghala la mtama limemwangukia mtu, nyoka kaingia kanisani. Uliitwa, ukaenda.

Ulikuwa mpole. Ukirudi ulikaa nje kwanza ukajipangusa masizi, ili mwanao Ruthu asikuogope. Hukula kabla hujauliza, "Mama, umezima jiko?" Nami nilikujibu, "Nazima tangu hujazaliwa." Ukainuka, ukaenda kutazama mwenyewe. Kwa habari ya moto hukumwamini mtu, hata mama yako. Ulikuwa na haki.

Siku ile gari la moshi lilipita Ihumwa likatema cheche kwenye majani makavu. Mkaenda, mkayazima. Mlikuwa mmekaa chini mnapewa uji, ndipo upepo ukabeba kaa moja mpaka kwenye mabua yaliyoegemezwa ukutani pa tembe la watu. Watu wa nyumba wakatoka mbio, moto ukaziba mlango. Mzee Hassani, mkubwa wenu, akasema, "Hapana kupanda juu. Toboeni ukuta wa nyuma." Alisema sawa. Nawe ulizaliwa ndani ya tembe, ulijua kuliko yeye: paa la udongo haliungui, walakini miti inayolibeba huungua chini kwa chini, na wewe uliye juu unaona udongo mzima tu.

Mtu akapiga kelele, "Mtoto yumo! Chumba cha nyuma, yumo mtoto!"

Kutoboa ukuta kunataka muda, na mtoto hana muda. Ukapanda, ukaanza kuchimba paa kwa jembe. Likaporomoka nawe.

Hapakuwa na mtoto. Palikuwa na ndama wawili.

Mzee Hassani akauliza palepale, "Nani aliita?" Mwenye nyumba akasema yeye alikuwa anaswaga ng'ombe. Mkewe Batuli akasema, "Mimi nilikuwa kisimani, waulizeni wa kisimani." Nilikwenda kuwauliza. Mmoja alisema alimwona, wa pili alisema labda, wa tatu aliinama akatazama mtungi wake. Na Mzee Hassani alipokuja kutuhani aliniambia neno moja: "Mama Sila, ilikuwa sauti ya mwanamke. Zaidi ya hapo sijui, wala siwezi kuapa."

Tangu siku hiyo sina raha. Kanisani wanawake wakiimba, mimi siimbi, nasikiliza. Sokoni mtu akimwita mwanawe, nageuka. Nimekwenda Ihumwa mara nne, nikisema natafuta mbegu za karanga. Anayenisalimu vizuri mno, najiuliza kwa nini. Anayeninyamazia, najiuliza kwa nini. Batuli aliniletea kibuyu cha maziwa. Nikampa mbwa, nikakaa namtazama mbwa mpaka jioni. Mbwa akalamba midomo, akataka mengine. Baba yako akasema, "Lydia, utawamaliza wanawake wote wa Ugogo kwa kuwashuku." Nikamjibu, "Bado mmoja."

Sila, nitaandika na hili.

Mwaka uliotangulia kifo chako, jiko letu lilishika moto. Mlipofika nilipiga kelele, "Mtoto yumo ndani!" Nilijua hamna mtoto. Aliyekuwamo ni beberu wangu, yule mweupe. Niliona mnajipanga taratibu, mmoja anauliza upepo unatoka wapi, mdomo ukasema wenyewe. Ukajifunika ngozi, ukaingia. Ulitoka unakohoa, umemkamata beberu pembe, ukasema mbele ya watu, "Mama, mtoto wako ana ndevu!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ile habari ilitembea. Nilisimuliwa mtaani Majengo, nikasimuliwa na mtu aliyetoka Chemba, hajui kwamba mama mwenyewe ndiye mimi. Ihumwa waliichekea kisimani. Na kila aliyecheka alijifunza: ukitaka watu wa moto waingie mbio, sema mtoto yumo. Wewe uliniambia jioni, tukiwa wawili, "Mama, usirudie. Nikisikia mtoto, sichagui tena pa kupita." Nikasema, "Ah, na wewe, Sila!" Nikakupakulia ugali.

Basi aliyekuita juu ya tembe simjui. Aliyemfundisha namjua.

Ninaandika haya gazetini kwa sababu mdogo wako Nikodemo ameshika kulabu yako tangu mwezi uliopita. Nilimfuata Mzee Hassani nikamwambia, "Shikamoo, mzee. Niachie huyu." Akasema, "Marahaba, mama Sila. Nikimwacha wako, nimchukue wa nani?" Nikamgeukia Nikodemo mwenyewe. Akaniambia, "Mama, siku ya beberu ungetaka Sila akae nyumbani?" Chuma kikigongwa sasa, natoka nje, nawahesabu wanaokimbia.

Wanawake wenzangu wa Dodoma, wa Ihumwa na wa kila kijiji penye tembe, nawaonya. Kama ni ndama, sema ndama. Kama ni mtama, sema mtama. Watakuja vilevile, wametoka huku mbio kwa ajili yako. Ila watatoboa ukuta, hawatapanda juu. Na kama ni mtoto kweli, taja jina lake. Mzee Hassani ameniahidi kwamba kuanzia sasa, mtu akiita, yeye atauliza kwanza, "Anaitwa nani?" Mama hachelewi kutaja jina la mwanawe. Atakayesita, mimi nimo katika watu wanaotazama, na nitamwona.

Wanaokukumbuka ni mimi mama yako Lydia; baba yako Matonya; mkeo Priska na mwanao Ruthu, ambaye sasa anatembea; mdogo wako Nikodemo; Mzee Hassani na wenzako wa kazi; na mwanamke mmoja wa Ihumwa tusiyemjua, ambaye nadhani hapitishi siku bila kukutaja.

Hatutaacha kukukumbuka, Sila, sisi na yeye.