Kikosi kwa Mkono wa Mwenyewe

Magesa ndugu yangu,

Barua zetu zote tulizianza kwa kusema hofu ni kwako uliye mbali. Leo siwezi. Hofu yote iko huku kwangu, tangu tukurudishe kwenu Majita tukakuzika.

Nikuambie kwanza: ile sheria tumeibadilisha. Kikosi sasa anaweza kukileta mtu yeyote. Wabeba samaki wote pale sokoni Mwaloni walinyoosha mikono, na mimi niliyeing'ang'ania ndiye niliyenyoosha wa kwanza. Utasema nimechelewa. Nimechelewa kweli.

Unakumbuka tulivyoianza ligi ya daftari? Ulichoka na ubishi wetu juu ya timu za mtaa tunazochezea wenyewe. Ukasema kila mtu achague wachezaji wake kumi na mmoja, awaandike kabla ya Jumapili, wakifunga apate pointi. Mkanifanya katibu. Nikaleta sheria yangu: kikosi kinaletwa Ijumaa, kwa mkono wa mwenyewe, karatasi imekunjwa, haifunguliwi mpaka mechi ziishe. Niliogopa watu wataandikiana. Ulinicheka sana. "Masanja, wewe ulizaliwa na muhuri mkononi!"

Ijumaa ile alikuja dada yako Nyangeta na karatasi yako. Akasema una homa. Nikamjibu mbele za watu, "Mwambie aje mwenyewe, asituletee za kuleta." Mungu wangu! Wiki iliyotangulia ulikuwa umetaka sheria ilegezwe nikakataa, basi nikadhani unanipima.

Ukaja. Kwa mguu, kutoka kwenu Buzuruga mpaka huku Mwaloni, Kirumba, umevaa sweta na jua lile. Ulikuwa unatetemeka. Ukaniwekea karatasi kiganjani ukasema, "Haya katibu, mkono wangu huo." Nikacheka, nikaandika jina lako daftarini. Hata kiti sikukupa, Magesa. Hata maji.

Jumapili jioni nikaifungua. Namba tisa umeniandika mimi! Mimi ambaye sijafunga bao tangu mwaka uanze, ambaye hata mwenyewe sijichagui! Na siku hiyo hiyo nilikosa goli likiwa wazi, kipa yuko chini. Jumatatu asubuhi nikaja Buzuruga mbio mbio nikutanie. Nikakuta turubai limefungwa uani na akina mama wanalia.

Daktari alisema malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Nyangeta hanilaumu. Afadhali angenilaumu, angenitukana hata, maana mimi najua ulitembea, na najua nani alikutembeza.

Nisamehe, ndugu yangu. Pumzika. Jina lako halitoki daftarini maadamu mimi ni katibu. Kila Ijumaa nitakwenda Buzuruga kwa mguu, Nyangeta ataniandikia majina, nami nitakibeba kikosi chako mpaka Mwaloni kwa mkono wangu huu. Wiki hii nimeshamwomba aniondoe mimi, aweke mtu anayejua kufunga.

Amekataa. Namba tisa habadilishi.

Wako,
Masanja