Hoja Ulizoniomba, Baba

Baba, shikamoo.

Natumaini u mzima na goti limepungua kuuma. Mimi sijambo, ila baridi ya Marekani inanifuata mpaka darasani. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, wewe nakujua.

Uliniambia nikutafutie hoja kwenye masomo yangu ya siasa za huku, uzisome kwenye mkutano wa watumia maji hapo Mkolani, ili wakuongezee muda wa uenyekiti wa kamati. Nimetafuta kweli. Tunasoma maandishi ya watu walioitetea katiba yao ilipokuwa mpya, halafu tunasoma magazeti ya wiki hii, kisha tunabishana. Wale wazee hawakuaminiana hata kidogo. Kila mwenye madaraka walimwekea mwingine wa kumzuia, na mpaka leo viongozi wao wanavutana.

Mwezi uliopita mwalimu alitaka kila mmoja aeleze kiongozi anayemfahamu. Nikakueleza wewe. Nilijigamba, Baba! Nikasema unaongoza tangu nikiwa darasa la tatu, humpendelei ndugu wala rafiki, na ufunguo wa kioski cha maji unatembea nao mwenyewe. Msichana mmoja akaniuliza, "Na akikosea, nani humwambia?" Nikamjibu kwamba baba yangu hakosei. Darasa zima likacheka. Nilikasirika, nikanuna kipindi kizima.

Nilipofika chumbani nikakumbuka ulipokwenda msibani Misungwi, ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Siku tatu kioski kilifungwa. Mama, akiwa mjamzito wa mdogo wangu Sayi, alibeba madumu kutoka mtaa wa pili. Fundi mmoja alikuja na nyundo avunje kufuli, Mama Mkubwa akamzuia: "Wee! Mwenyekiti akirudi utamwambia nini?" Akaondoka na nyundo yake. Uliporudi watu walikuamkia na kukupa pole ya msiba. Hakuna aliyekuambia kitu, na mama alitukataza sisi watoto kulitaja jambo hilo. Sidhani kama ulijua, mpaka leo.

Kwa hiyo hoja sikuletei, Baba. Nakuomba safari hii uwaachie wengine. Najua unavyoipenda kazi ile, na sijawahi kukupinga. Umetufanyia mengi watu wa mtaa ule. Lakini ningekuwepo siku ya mkutano, nisingenyoosha mkono kukupigia kura.

Msalimie sana Mama, na tafadhali usimlaumu. Mpe pole Mama Mkubwa kwa malaria. Sayi mwambie dada yake anamkumbuka, na asiache hesabu. Shangazi wa dukani Nyamagana naye nimemkumbuka.

Ukimaliza kusoma, nipigie. Kama ni kunigombeza, nigombeze. Nitasikiliza mpaka mwisho, halafu nitarudia kusema haya haya.

Binti yako,
Kabula