Nahodha, Mpiga Mizinga na Wivu Wangu

Jumapili, Ganshoren, huku ugenini. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo wangu una kinyongo.

Leo Espérance alikuja baada ya misa, kama kila Jumapili tangu tulipofiwa na waume zetu, tukatazama tamthilia yetu ya maharamia. Yeye ni wa Uvira, mimi ni wa Kigoma. Mimi humsahihisha Kiswahili, naye hucheka.

Katika sehemu ya leo, nahodha, mwanamke asiyemwinamia mtu, alimwita mpiga mizinga wake, mwanamke pia, mbele ya mabaharia wote. Sheria ya meli ikasomwa: wawili wakitia sahihi, mali yao ni moja, na mmoja akifa, mwenzake ndiye mrithi. Wakatia sahihi. Wanaume wenye mapanga wakavua kofia. Pwani, hakimu angewanyonga kwa wizi, na muungano wao asingeutambua kabisa.

Nilipaswa kukemea. Nimezoea kukemea.

Badala yake niliwaonea wivu wezi.

Espérance alipangusa miwani. "Mwalimu, unaona? Hata bajambazi beko na état civil yabo," yaani hata majambazi wana daftari lao la ndoa. Kisha, akiwa bado anacheka, akasema kwamba Maman Charlotte wa kwaya amemwomba wahamie nyumba moja na kuandikishwa komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, kama watu wanaoishi pamoja, kwa kuwa sheria ya hapa huwaruhusu watu wawili wa nyumba moja kufanya hivyo, hata wakiwa marafiki tu. "Eko na chambre ya bure. Alors, nifanye nini?"

Nikamjibu kwamba Charlotte ni mtu safi. Nikaondoa vikombe, chai ikiwa bado haijaisha.

Tangu aondoke nimekaa nikimchukia Charlotte, sauti yake ya puani, chumba chake chenye jua. Maisha yangu yote niliwataka wanafunzi wataje kila kitu kwa jina lake.

Jina la hiki ni mapenzi.

Nahodha hakungoja mtu mwingine aseme kwanza. Nikachukua simu.

"Usiandikishwe na Charlotte," nilimwambia. "Andikishwa nami. Na si kwa urafiki tu."

Nilisikia tramu ikipita chini ya dirisha lake.

"Mwalimu, ilikuwa lazima uone bajambazi kwanza?"

Hakusema ndiyo. Aliniuliza komuni hufunguliwa saa ngapi, nami, nisiyekosa jibu, nikaanza kulitafuta.