Mnunuzi Asiye na wa Kumuuliza

Zacatecas, Jumapili

Kaka Eulalio,

Mama hajambo, na pilipili zetu zimekauka vizuri. Yule mnunuzi wa Minnesota, Bwana Lindqvist, alifika. Hata supu hajaonja, akatoa mkataba. "Tutie saini leo."

Baba akamuuliza, "Nyumbani umeshauriana na nani?"

"Nani tena, mzee? Kampuni ni yangu mwenyewe."

Baba akausukuma mkataba. "Mtu asiye na wa kumuuliza, akitudhulumu tutamshtakia nani?"

Mgeni akaninong'oneza, "Mmepata mnunuzi mwingine, sivyo?" Kumbe naye anatushuku! Nikamlazimisha alale kwetu. Asubuhi tulimkuta jikoni akimchambulia Mama maharage, akimsimulia habari za marehemu mamake. Baba akaitisha kalamu. Mgeni akatia saini peke yake. Sisi tukatia saini ukoo mzima, mpaka shangazi.

Ila roho yangu bado inasita. Wewe unayeishi nao huko Minnesota, hebu tuulizie kabla hatujapakia mzigo: huyu bwana ana ndugu kweli?

Mdogo wako,
Refugia