Naomba Uihesabu Mvua

Mpendwa kaka Mokaya,

Wewe ndiye pekee ninayeweza kukuambia hili bila kuona haya. Naogopa, kaka. Naogopa kuliko siku ile tuliposimama mbele ya meneja.

Unakumbuka? Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Kampuni ilitaka timu moja ya mpira wa kikapu, wachezaji walipwe kwa kucheza, na ilibidi ichague kati ya Sironga na sisi wa Ogembo uliotufundisha wewe. Karani akachukua pointi za kila timu, akagawanya kwa mechi. Sironga juu, sisi chini kabisa. Nilishaanza kuwaza jembe.

Wewe ukakataa. "Sisi ni Wasabato," ukaniambia njiani, unatembea mbio mpaka nahema. "Jumamosi tuko kanisani, wao wanacheza asubuhi na jua lao. Sisi tunapewa Jumapili alasiri. Na alasiri hapa Kisii kuna nini?"

"Mvua."

"Basi! Mechi inakatwa katikati, karani anaihesabu nzima. Agawanye kwa dakika, aone."

Na kweli ukamwambia meneja hivyo hivyo, mtu ambaye akikohoa tu watu wanasimama. Mimi niko nyuma yako, nimeng'ang'ania koti lako kama mtoto wa nasari.

"Wewe unanifundisha hesabu?" akauliza.

"Hapana, mkubwa. Naomba tu uihesabu mvua."

Yaye! Nilijua tumefukuzwa. Akamwita karani arudie kwa dakika, pointi tulizofunga na tulizofungwa. Tukawapita Sironga. Hivyo ndivyo nilivyoingia kampuni hii, na ndiyo kazi inayomlisha shemeji na watoto tangu tulipokuzika.

Sasa miaka ya sabini inaisha, na kupima timu wameniachia mimi. Meneja mpya anawataka vijana wa kwao, Nyamira, maana wastani wao kwa mechi unapendeza. Wa Birongo wako chini. Lakini nimewauliza, na refa amekubali: ni Wasabato, na mechi zao karibu zote zilikatwa na mvua. Nimegawanya kwa dakika. Birongo ni wazuri zaidi, tena si kidogo.

Jana meneja alinionya: "Lete majina. Mambo ya mvua wacha nyumbani kwako." Nikimpinga, kazi imekwenda, na wanao bado wako shuleni. Usiku sikulala, shemeji akadhani ni malaria.

Vijana wa Birongo wako nje kwenye nyasi, wananitazama dirishani. Nimejaribu kuandika majina ya wale wa Nyamira, nimeshindwa.

Basi naenda kubisha mlango wa meneja. Sina maneno mengine ila yale yako. Kaka, simama mbele yangu kidogo tu, nishike koti.

Ni mimi, mdogo wako.