Milimita za Ukuta wa Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Kazi mpya. Kila siku nipime kutoka nguzo ya mlangoni hadi ukuta wa nyuma wa kiwanda cha ushonaji, maana nyuma ya ukuta huo kampuni yetu inajaza udongo. Leo: mita 18.436. Nabonyeza mashine ya kupimia, mwanga unagonga ukuta na kurudi, nayo inahesabu muda. Basi! Wifi yangu, dada wa mume wangu, anashona humo. Cherehani ya mwisho kabisa, mgongo ukutani. Kaniuliza kama nimekuja kuwapiga picha. Wenzake wameshanibatiza Mama Milimita.

Jumanne, 5 Machi
18.433. Imepungua milimita tatu. Mashine yenyewe hukosea mpaka mbili, sikushtuka sana. Nikamwambia mhandisi wetu, kwa mdomo wangu mwenyewe: labda ni jua la dirishani, labda mvuke wa pasi, labda rangi ya ukuta inang'aa mno na kuurusha mwanga pembeni. Kafurahi. Kaandika "mvuke". Malori yakaendelea kumwaga.

Jumatano, 6 Machi
Nimeingia alfajiri, pasi hazijawashwa, jua bado. Karatasi nyeupe ukutani, mashine kwenye stendi, betri mpya. Nimepima mara kumi. 18.427 mara tisa, 18.428 mara moja.

Nikakimbilia ofisini, nikailinganisha na tepu ya chuma. Haina kosa, ukuta ndio unaosogea. Na mimi nilivyokuwa naomba iwe mbovu!

Mhandisi kanisikiliza huku anakunywa chai. "Si wewe uliyesema ni mvuke?"

Alhamisi, 7 Machi
18.415. Kumi na mbili kwa siku moja! Naogopa, sifichi. Mhandisi kasema tupime tena Jumatatu, hewa ikitulia. Hewa gani?

Jioni nimekwenda kwa wifi, nimemweleza yote. Kacheka kwanza, eti sindano yake nene kuliko hizo milimita zangu. Kisha kaacha kukunja nguo, kaniuliza:

"Wifi, wewe ungekaa pale?"

"Nisingekaa."

Kasema kesho ataenda kazini hivyohivyo, hawezi kuwaacha wenzake wasiojua. Nimemsihi wee, hakutaka. Kichwa kigumu kama kaka yake.

Ijumaa, 8 Machi
Saa nne asubuhi. 18.391. Na ufa umetokea, kidole kinaingia. Nimepiga kelele watoke. Meneja wa kiwanda kanishika mkono hadi nje, eti nikivuka mlango tena ataita polisi. Mhandisi hapokei simu.

Nimekaa kwenye ngazi za jengo la ng'ambo. Naandika hapahapa.

Wifi ndiye anayewatoa. Namwona mlangoni, anamsukuma mmoja, anarudi ndani, anakuja na mwingine. Wako ishirini na watatu pamoja naye. Wametoka wanane. Mmoja analia, mwingine analalamika kaacha pasi inawaka.

Sasa wametoka kumi na watano. Lori lingine limefika huko juu, nyuma ya ukuta, nasikia udongo unashuka.

Meneja katoka anakimbia, kiatu kimoja! Hakunitazama.

Vumbi linatoka madirishani. Nimewaita wote kwenye ngazi, nimewagusa bega mmoja mmoja nikihesabu. Ishirini na wawili. Nimewahesabu tena. Aliyebaki ndani ni wifi.